Kumchagulia mtoto wa chekechea baiskeli isiyo na pedali: mwongozo kwa wazazi wa Woodley

Mtoto wa miaka 4 au 5 anapoanza kuomba baiskeli, mzazi hukabiliwa na hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mfuko: baiskeli ikinunuliwa leo, huenda mwaka ujao magoti ya mtoto yakawa yanagonga usukani. Ya pili ni ya usalama: nyumba nyingi za Woodley ziko hatua chache kutoka barabara zenye matatu, magari ya kibinafsi na bodaboda. Mtoto aliyepanda chombo asichoweza kukisimamisha hana nafasi ya kujifunza kwa makosa mahali kama hapo.

Wazazi wengi hujibu hesabu hizi kwa kununua baiskeli kubwa "ili akue nayo". Matokeo yake yanajulikana katika kila ploti: baiskeli inaegemezwa ukutani, mtoto anaiogopa, na pesa zimekwisha kutumika. Makala haya yanaeleza njia nyingine, yaani baiskeli isiyo na pedali ambayo mtoto huisukuma kwa miguu yake mwenyewe. Yanaonyesha jinsi ya kumpima mtoto, jinsi ya kukagua baiskeli mpya au ya mtumba, na wakati ambapo haifai kuinunua kabisa.

Chombo chenyewe ni nini

Baiskeli hii ina magurudumu mawili, fremu, kiti na usukani. Haina pedali wala mnyororo. Mtoto hukaa kitini, miguu yake ikikanyaga chini, naye hujisukuma kama anayetembea. Akizoea huanza kupiga hatua ndefu, kisha huinua miguu yote miwili na kuteleza.

Si jambo jipya. Mwaka 1817, Karl Drais wa Mannheim, Ujerumani, alipanda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, akijisukuma kwa miguu. Pedali zilikuja kuongezwa miaka ya 1860 nchini Ufaransa. Kwa hiyo baiskeli yenyewe ilianza bila pedali, na mtoto anayejifunza leo anafuata njia ileile. Karibu na kwetu, wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wana chukudu: chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kisicho na pedali, ambacho hubeba viazi, makaa na mbao kutoka mashambani hadi mjini. Anayekiendesha hukisukuma kwa mguu mmoja na kukiongoza kwa usukani.

Siri ya vyombo hivi ni mizani ya mwili. Katika kuendesha baiskeli kuna kazi mbili: kusawazisha mwili na kuzungusha pedali. Kusawazisha mwili ndiko kugumu. Baiskeli yenye magurudumu madogo ya pembeni humfundisha mtoto kuzungusha pedali kwanza huku ikimnyima nafasi ya kujisawazisha, kwa sababu haiegemei upande anapokata kona. Siku magurudumu hayo yanapotolewa, mtoto huanza upya. Baiskeli isiyo na pedali hugeuza mpangilio: kazi ngumu inafanywa kwanza, miguu ikiwa karibu na ardhi.

Kwa nini umri wa PP1 na PP2 ni tofauti

Baiskeli nyingi za aina hii zinazouzwa zimetengenezwa kwa mtoto wa miaka 2 hadi 3. Mtoto wa PP1 au PP2 ana miguu mirefu zaidi na nguvu zaidi, na mwendo wake ni wa kasi zaidi. Kwa mujibu wa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kawaida wa miaka 4 ana urefu wa takriban sentimita 103 na uzito wa kilo 16. Akifika miaka 5 anakuwa na takriban sentimita 110 na kilo 18. Hizo ni karibu sentimita 7 kwa mwaka mmoja, na karibu nusu yake huongezeka kwenye miguu.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mzazi anaona maandishi "miaka 2 hadi 5" kwenye kasha na kudhani mtoto wake wa miaka minne na nusu ana nafasi. Kumbe kiti kinapoinuliwa hadi mwisho, mtoto huyo tayari amekunja magoti. Umri ulioandikwa kwenye kasha hautoshi. Kinachoamua ni urefu wa mguu.

Faida ya umri huu nayo ipo. Mtoto mkubwa wa chekechea huelewa maagizo, hukumbuka kanuni, na vidole vyake vimeanza kuwa na nguvu ya kubana breki. Kazi ambayo mtoto wa miaka 2 huichukulia miezi mingi, yeye anaweza kuimaliza katika likizo moja ya Aprili au Agosti. Kwa hiyo mzazi anunue akijua kwamba hiki ni chombo cha kupita. Kwa kawaida mtoto atakihitaji kwa miezi, kisha atahamia kwenye pedali.

Kupima mguu nyumbani

Kipimo hiki kinachukua dakika mbili na hakihitaji fundi.

Mtoto avae viatu atakavyotumia kuendeshea, asimame ameegemea ukuta, miguu ikiwa imeachana kidogo. Mzazi aweke kitabu chembamba katikati ya mapaja, akipandishe taratibu mpaka kiguse msamba, huku ukingo wa kitabu ukigusa ukuta. Aweke alama ukutani kwa penseli kwenye ukingo wa juu wa kitabu, kisha apime kutoka sakafuni hadi kwenye alama kwa futi kamba ya fundi cherehani. Apime mara mbili, kwa kuwa watoto hujikunja.

Kiti cha baiskeli kinapaswa kuwa chini ya kipimo hicho kwa sentimita 2 hadi 4. Hapo mtoto aliyekaa atakanyaga chini kwa unyayo mzima, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu. Akikanyaga kwa vidole peke yake, kiti kiko juu mno. Magoti yakipanda karibu na usukani, kiti kiko chini mno.

Mfano ufuatao unaonyesha hesabu inavyokwenda. Mtoto wa PP1 amepimwa na mguu wake ni sentimita 44. Kiti chake cha kuanzia kiwe kati ya sentimita 40 na 42. Dukani kuna baiskeli mbili. Ya kwanza kiti chake huenda kutoka sentimita 30 hadi 40. Ya pili huenda kutoka sentimita 37 hadi 48. Ya kwanza inamtosha leo ikiwa imeinuliwa hadi mwisho, na baada ya miezi michache itakuwa ndogo. Ya pili inamtosha leo, na mwaka ujao mguu ukiwa umefika karibu sentimita 47 au 48 itakuwa bado na nafasi. Ikiwa bei hazipishani sana, ya pili ndiyo inayorudisha pesa.

Kwa kawaida baiskeli ya kwanza itakuwa na magurudumu ya inchi 12, na ya pili inchi 14. Hata hivyo mzazi asinunue kwa kutazama inchi pekee. Baiskeli mbili za inchi 12 zinaweza kutofautiana kwa kiti kwa sentimita nyingi. Aende na futi kamba dukani na apime kiti chenyewe, kwanza kikiwa chini kabisa, kisha kikiwa juu hadi kwenye alama ya kikomo.

Alama hiyo ya kikomo ni mstari uliochorwa kwenye bomba la kiti. Bomba likivutwa juu zaidi ya mstari, sehemu iliyobaki ndani ya fremu haitoshi kushikilia uzito, na kiti kinaweza kung'oka mtoto akiwa mwendoni. Mstari ukianza kuonekana, baiskeli hiyo imekuwa ndogo kwa mtoto huyo.

Uzito

Mtoto ndiye injini. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba baiskeli isizidi asilimia 30 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 16 anaweza kumudu baiskeli ya kilo 4.8, na wa kilo 18 baiskeli ya kilo 5.4. Iliyo nzito kuliko hapo humchosha, na inapoanguka juu ya mguu wake humwumiza zaidi.

Uzito haujaandikwa mara zote. Mzazi anaweza kupanda mzani akiwa ameibeba baiskeli, kisha apande bila baiskeli, na atoe tofauti. Kipimo cha haraka ni kumwacha mtoto mwenyewe aiinue kutoka chini. Asipoweza, haimfai.

Kuhusu fremu, ya chuma ni imara na fundi yeyote wa mtaani anaweza kuichomelea, lakini ni nzito na hushika kutu ikilala nje. Ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu, ila ikipasuka si kila fundi anayeweza kuiunga. Ya mbao ni nyepesi pia, lakini haivumilii mvua za Machi hadi Mei, na mara nyingi kiti chake kina matundu machache ya kupandishia. Ya plastiki humfaa mtoto mdogo zaidi. Mtoto wa miaka 5 anayerukia kiti huishinda.

Tairi

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ya povu gumu, isiyo na upepo. Haipati pancha wala haihitaji pampu. Udhaifu wake ni kwamba ni ngumu, hurusha mtoto kwenye vijiwe na huteleza kwenye simiti yenye maji. Ya pili ni ya upepo, yenye tairi na tyubu. Hushika ardhi vizuri na hupunguza mtikiso, lakini ni nzito kidogo na hupata pancha.

Kwa mtoto mdogo anayezunguka sebuleni au kwenye veranda, povu linatosha. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 atakayeendesha kwenye murram, nyasi na kabro, tairi ya upepo ni bora, kwa sababu mwendo wake ni wa kasi na atahitaji kushika ardhi anapokata kona au kufunga breki.

Kabla ya kulipa, mzazi asome namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha amwulize fundi wa karibu kama tyubu ya namba hiyo hupatikana. Kipimo cha 12½ × 2¼ ni cha kawaida. Vipimo vingine vya baiskeli zilizotoka nje huenda visipatikane, na baiskeli isiyo na tyubu ni pambo la ukutani. Upepo ujazwe kwa pampu ya mkono, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Mashine ya petroli stesheni inaweza kupasua tyubu ndogo kwa sekunde chache.

Breki

Kwa mtoto wa miaka 2, breki ni viatu vyake. Kwa mtoto wa PP1 au PP2, viatu peke yake havitoshi. Anakwenda kwa kasi, na sehemu nyingi za Woodley zina mteremko. Kwa umri huu ni busara kutafuta baiskeli yenye breki ya mkono inayoshika gurudumu la nyuma.

Breki ijaribiwe na mtoto mwenyewe, wala si na muuzaji. Mtoto akae, ashike usukani kama kawaida, na abane. Vidole vyake vinapaswa kufika kwenye mkono wa breki bila kuachia usukani, na gurudumu lisimame kabla mkono wa breki haujagusa usukani. Fundi anaweza kuusogeza karibu kwa skrubu ndogo iliyopo, na anaweza kulegeza au kukaza waya. Kama mtoto hawezi hata baada ya marekebisho hayo, breki hiyo ni ya mapambo tu.

Breki ya mbele peke yake haifai kwa anayeanza. Akiibana ghafla anaweza kurushwa mbele.

Kukagua baiskeli ya mtumba

Baiskeli za watoto za mtumba hupatikana katika masoko ya jiji na kwa wauzaji wa kando ya barabara, na majirani pia huuziana. Nyingi bado ni nzima, kwa kuwa mtoto aliyezitumia alikua haraka. Wengine wanaoishi karibu na Soko la Toi huanza kutafuta huko kabla ya kwenda dukani. Baiskeli ya mtumba iliyokaguliwa vizuri inaweza kuwa salama kuliko mpya iliyofungwa vibaya. Ukaguzi ufuate mpangilio huu:

1. Fremu. Itazamwe mahali mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani. Ufa, kuchomelewa upya au rangi iliyokunjamana ni dalili kwamba iliwahi kugongwa. Fremu yenye ufa isinunuliwe kwa bei yoyote.

2. Usukani. Mkaguzi abane gurudumu la mbele katikati ya magoti na ajaribu kuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake bila gurudumu, haujakazwa.

3. Ncha za usukani. Ziwe zimefunikwa kwa mpira mzima, ikiwezekana wenye kichwa kinene mwishoni. Bomba lililo wazi linaweza kumchoma mtoto tumboni anapoanguka na kuumiza ini au wengu, hata kama ngozi haionyeshi jeraha kubwa. Mpira mpya ni gharama ndogo.

4. Magurudumu. Yainuliwe na kuzungushwa. Yazunguke kwa ulaini, bila kuyumba wala kukwaruza. Kisha gurudumu lisukumwe kulia na kushoto kwa mkono. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Fundi mwaminifu atasema wazi: "Mama, hii itataka beringi mpya," na gharama hiyo iondolewe kwenye bei.

5. Nati za ekseli. Ziwe zimekazwa na zimefunikwa. Nati zilizochomoza huchubua vifundo vya mtoto kila anapopiga hatua, kwa sababu miguu yake hupita karibu nazo.

6. Tairi. Mpira usiwe umepasuka pasuka. Tairi kavu iliyokaa juani miaka mingi haidumu hata ikijaa upepo.

7. Kiti. Kipande na kushuka bila kukwama, na kikikazwa kisizunguke mtoto anapojipinda.

Kwa baiskeli mpya, mzazi atafute alama ya ubora ya KEBS, adai risiti, na ahakikishe nati zote zimekazwa. Baiskeli nyingi huja kwenye kasha zikiwa nusu zimefungwa. Kulipa fundi akaze kila kitu siku ya kwanza ni gharama ndogo kuliko ya hospitali.

Jambo moja zaidi kuhusu viwango: huko Ulaya, baiskeli ya mtoto ambayo kiti chake hakizidi sentimita 43.5 huhesabiwa kuwa kichezeo, na kichezeo si chombo cha kutumika barabarani. Ndivyo inavyopaswa kuchukuliwa hapa pia.

Wakati wa kutonunua: njia ya kutoa pedali

Kwa mtoto aliyekaribia miaka 6, au mwenye mguu wa sentimita 48 na zaidi, kuna njia inayookoa pesa. Mzazi anunue baiskeli ya kawaida ndogo, aondoe pedali, ashushe kiti, na mtoto ajifunze kujisawazisha hapo hapo. Akishajua, pedali zinarudishwa. Baiskeli moja inafanya kazi mbili.

Kuna masharti matatu. Kwanza, kiti kikishushwa hadi mwisho kiwe bado chini ya mguu wa mtoto kwa sentimita 2 au zaidi. Baiskeli nyingi za inchi 16 hazishuki kiasi hicho, kwa hiyo ipimwe kabla ya kununuliwa. Pili, iwe na breki za mkono. Baiskeli ambayo hufunga breki kwa kuzungusha pedali nyuma itabaki haina breki pedali zikitolewa. Tatu, ikiwezekana fundi atoe pamoja na vyuma vinavyoshikilia pedali, kwa sababu vikibaki hugonga miguu.

Kutoa pedali ni kazi ya spana, mara nyingi ya namba 15. Ya kulia hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa. Ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Anayesahau tofauti hii hukaza badala ya kufungua, na huweza kuharibu nyuzi za chuma. Pedali zinaporudishwa zikazwe kwanza kwa mkono, ndipo spana itumike.

Wazazi wa ploti moja wanaweza pia kununua baiskeli isiyo na pedali kwa kuchangiana. Watoto watatu wa umri unaokaribiana wanaweza kuitumia kwa zamu na kuimaliza mmoja baada ya mwingine. Kinachohitajika ni kiti kinachorekebishwa kwa urahisi, na kila mtoto kuwa na kofia inayomtosha.

Kofia ya kinga

Kofia isihesabiwe kuwa ya ziada. Mzazi mwenye pesa kidogo ni afadhali anunue baiskeli ya bei ya chini na kofia nzuri kuliko kinyume chake. Kofia ikae wima, ukingo wake ukiwa vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ifanye umbo la V chini ya kila sikio. Chini ya kidevu kuwe na nafasi ya kidole kimoja au viwili tu. Mtoto akitikisa kichwa, kofia isihame. Kofia iliyowahi kugongwa, au ya mtumba ambayo historia yake haijulikani, isitumike, kwa kuwa povu la ndani likishabonyea halilindi tena hata kama nje inang'aa.

Viatu viwe vya kufunika vidole. Ndala hazifai.

Mahali pa kujifunzia

Mtoto wa miaka 4 au 5 hawezi kukadiria kasi ya gari linalokuja, na akivutiwa na mpira au rafiki husahau kila alichoambiwa. Kwa hiyo mahali pa kufundishia pachaguliwe na mtu mzima, na pawe na sifa nne: tambarare au penye mteremko mdogo sana, pasipo na magari, penye ukuta au lango kati yake na barabara, na mzazi aweze kumwona mtoto muda wote.

Ua wa ploti, uwanja wa shule siku za mapumziko kwa ruhusa ya uongozi, au eneo la kuegesha magari la kanisa siku za katikati ya wiki vinaweza kufaa. Uwanja wa nyasi unaweza kutumiwa wakati hakuna mechi wala shughuli za ujenzi. Barabara ya Joseph Kang'ethe, Barabara ya Ngong na njia za kuingilia sokoni si mahali pa mtoto anayejifunza, hata asubuhi ya Jumapili. Njia za waenda kwa miguu nazo hupitwa na bodaboda, kwa hiyo mtoto akipita hapo ashuke na aikokote baiskeli huku ameshikwa na mtu mzima.

Hatua za mafunzo

Siku ya kwanza mtoto atembee na baiskeli bila kukaa, aizoee. Kisha akae na atembee polepole. Mzazi asishike usukani wala kiti, kwa sababu kumshika ndiko kunakomnyima mizani. Atembee kando yake.

Mtoto akizoea, apige hatua ndefu kama anayekimbia. Baada ya hapo aambiwe ainue miguu, wahesabu pamoja: moja, mbili, tatu. Sambamba na hilo afundishwe kusimama. Mzazi aseme "simama!" bila taarifa, na mtoto abane breki na kuweka miguu chini. Mchezo huu urudiwe kila siku mpaka uwe tabia.

Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha. Mtoto anayeweza kuteleza akihesabu hadi tano miguu ikiwa juu, kukata kona pande zote mbili, na kusimama kila anapoambiwa, yuko tayari kwa pedali. Mara nyingi hatahitaji magurudumu ya pembeni.

Mtoto akiumia

Michubuko ioshwe kwa maji safi na sabuni. Lakini mtoto aliyegonga kichwa na kutapika, kusinzia isivyo kawaida, kupoteza fahamu, kupata degedege au kulalamika kichwa kinazidi kuuma, apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyepigwa na usukani tumboni na bado anaumwa. Hospitali ya Mbagathi na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ziko karibu na Woodley. Namba za dharura ni 999 na 112.

Njia ni ya watoto pia

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea, barabara za kaunti, na bustani na sehemu za burudani. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipata sera ya usafiri usiotumia injini, inayohusu wanaotembea kwa miguu na wanaoendesha baiskeli. Mtoto anayejifunza leo ndiye atakayetumia njia hizo kesho. Mkazi anayeona njia ya miguu iliyovunjika, mfuniko wa mtaro ulioibwa au njia iliyozibwa na magari, apeleke taarifa katika ofisi ya msimamizi wa wadi, akitaja mahali hasa na alama ya karibu.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

Je, mguu wa mtoto umepimwa akiwa na viatu?
Je, kiti kinaanzia chini ya kipimo hicho na kina nafasi ya kupanda?
Je, baiskeli haizidi asilimia 30 ya uzito wake?
Je, mtoto mwenyewe ameweza kubana breki mpaka gurudumu likasimama?
Je, ncha za usukani zimefunikwa na nati zimekazwa?
Je, tyubu ya namba hiyo inapatikana kwa fundi?
Je, pesa za kofia zimetengwa?
Je, mahali pa kujifunzia pana lango linalofungwa?

Jibu la "hapana" kwa swali lolote ni sababu ya kusubiri. Mtoto atakasirika siku moja au mbili, kisha atasahau. Baiskeli inayomtosha, yenye breki anayoiweza, atajifunza nayo.